Hilux 3L inalia kata-kata mbele, fundi anasema ni konrodi. Nifungue injini kweli?

MzigoMarafa

Jamani wenye kujua dizeli za zamani nisaidieni kabla sijatoa pesa. Nina Hilux ile ya kitambo, 3L ya 2.8, haina tabochaja haina kompyuta, nabebea maembe kutoka Marafa kuja soko la Malindi na msimu ukiisha nabeba makuti na boriti za watu wanaojenga kule Watamu. Niliinunua mkononi kwa mtu, kilomita hazisomi, historia yake naijua ya mdomo tu.

Sasa kuna mlio. Nikiiwasha asubuhi ikiwa baridi inapiga kata-kata-kata-kata ya haraka kama cherehani ya mguu, na unasikika mbele kuliko ndani, ukisimama kwa grili ndio unausikia vizuri. Nikipiga resi kidogo unapungua, nikiachia unarudi. Ikishika moto unapungua tena lakini hauishi. Moshi ni ule ule, mweusi kidogo nikipanda na mzigo. Nguvu iko. Oili haipungui kwa kunitisha ila pale mbele pembeni pameroa roa na vumbi limegandia.

Fundi mmoja hapa mjini aliweka sikio, hata boneti haijasimama vizuri ashasema konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki ambayo ndio shafti kuu ya injini, injini ishuke yote, pistoni, ringi, beringi, na krenki ikasagwe Mombasa, tuanze na laki na nusu tutazame. Mwingine akasema ni tapeti tu, yaani nafasi ya vali, nipige kazi. Binamu yangu yeye asema nichanganye oili ya gia kidogo mlio ufe. Nimwamini nani hapa? Msimu ndio huu, nikilaza gari nimelala na mimi na watoto.

KakaWaMaweni

Uza kabla haijanyamaza yenyewe 😂😂

Natania bro. Lakini hio ya oili ya gia usithubutu, hio ni dawa ya madalali, gari inapakwa hivyo siku ya kuuzwa ili mnunuzi asisikie kitu. Oili ya gia ni nzito mno kwa injini, asubuhi inachelewa kupanda juu kwa kemshafti, ile shafti inayofungua vali, na hapo ndio vyuma vinasagana vikavu, tena dawa zilizomo zimetengenezwa kwa meno ya gia sio kwa injini inayochoma dizeli na kujaa masizi. Mlio utanyamaza wiki moja halafu utalia na wewe.

FundiDizeli_Barani

Pole kaka. Usifungue kitu kwanza. Hii injini hata ikiwa nzima inapiga kelele, ilitoka kiwandani na kelele zake, sasa ukimpelekea mtu ukamwambia inagonga lazima na yeye atasikia kugonga. Mwanzo jua mlio unatoka wapi na unakwenda kwa mwendo gani, mambo ya bei yatakuja.

Mwendo nina maana hivi. Krenki ikizunguka mara mbili kemshafti inazunguka mara moja, kwa hivyo mlio wa vali unakwenda nusu ya mwendo wa injini, tik... tik... tik, gari ikiwa imesimama inanguruma tu unaweza karibu kuuhesabu. Konrodi inakwenda na krenki, mlio wake mzito, tok tok tok, unatoka chini, saa nyingine ukiwa ndani unausikia kwa nyayo. Na konrodi iliyokwisha haitulii kwa resi, ukiipandisha mpaka elfu mbili hivi halafu ukaachia ghafla ndio inabisha hodi zaidi, ikibeba mzigo pia inazidi. Wewe umesema ukipiga resi unapungua na umesema ni wa haraka. Mimi hapo konrodi naitilia shaka tayari. Kitu kinachozunguka mbio kuliko krenki pale mbele ni kile chenye puli ndogo, yaani oltaneta ya kuchaji betri, manake puli ya krenki ni kubwa ikivuta ndogo lazima ndogo ikimbie zaidi.

Usinitegemee mimi niko mbali na gari, fanya hivi. Tafuta bisibisi ndefu, ncha weka kwa chuma, kishikio kibane kwa kile kimfupa cha mbele ya sikio. Anza juu kwa kava ya vali, uteremke kwa bloki, usawa wa sampu, lile bakuli la oili la chini, halafu pampu ya maji, halafu oltaneta mbele na NYUMA yake. Mahali penyewe ukipagusa hutauliza mtu, mlio unaingia kichwani wote. Mikono iwe mbali na feni na usivae kitu cha kuning'inia, wale wa kuja kufungua boneti na kikoi asubuhi nawaomba sana.

Pili, azima geji ya presha ya oili, toa ile swichi ya taa ya oili ufunge geji hapo. Injini ikiwa moto, ikinguruma tu isiwe chini ya kilo 0.3 kwa sentimita mraba, ukifika mizunguko elfu tatu iwe kati ya 2.5 na 6. Beringi zikiwa zimekwisha mara nyingi geji itakwambia. Na siku ya kumwaga oili ichuje kwa kitambaa cheupe kisafi, filta nayo ikate uikunjue ile karatasi ya ndani, ukiona unga wa kumetameta wa rangi ya fedha au shaba hapo tutaongea mambo ya krenki. Angalia tu usije ukauona unga wa msumeno uliokatia filta ukalia bure.

Kuna kitu kingine kinadanganya watu wengi, gaskiti ya manifodi ya exosti. Ikiwa imepasuka inapiga tik tik tik ikiwa baridi, chuma kikipata moto kikapanuka inaziba inanyamaza, na watu wameshalipishwa tapeti kwa ajili yake. Tafuta masizi pale kwa maungio ya manifodi na kichwa.

Nahodha_Mokowe

Salaam alaykum. Mimi niko Mokowe na ninachoendesha ni boti sio gari lakini dizeli ni dizeli. Fundi amesema maneno ya maana ila hakutaja nozeli, zile za kupulizia dizeli ndani ya silinda. Nozeli moja ikianza kutiririka badala ya kupulizia, ile silinda inapiga mlio wa chuma kabisa, utaapa ni konrodi. Ikiwa baridi inazidi ikishika moto inapungua, na huyu ndugu amesema hivyo hivyo.

Sisi huku tunafanya hivi: injini inanguruma, unalegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja, ile silinda inakosa mafuta, inazima. Ukilegeza ya pili kwa mfano na mlio ukafa hapo hapo, shida iko silinda ya pili. Ukilegeza zote nne kwa zamu na mlio haujali, basi si nozeli wala konrodi, ni kitu nje ya silinda. Shilingi hutoi hata moja.

FundiDizeli_Barani

Nahodha hapo umenikumbusha jambo la msingi shukran. Niongeze tu mambo mawili. Kulegeza kuwe kidogo tu mpaka itoke matone, na utie kitambaa, usiweke kidole wala kiganja mbele ya ile dizeli, presha yake inaweza kupenya ngozi na ikipenya ni hospitali siku hio hio hata kama kidonda ni kitundu cha sindano. Na HII NI KWA PAMPU ZA ZAMANI TU. Mwenye D4D, zile dizeli mpya za Toyota, au pikapu yoyote mpya ya reli moja (komon reli) asiguse hizo nati injini ikiwaka, presha ile ni nyingine kabisa.

Halafu Nahodha, silinda ikizimwa mlio wa konrodi nao hupungua manake ule mlipuko wa kuisukuma haupo. Kwa hivyo ukigundua ni silinda fulani bado hujajua ni nozeli au ni chini. Nozeli zitolewe zipimwe kwa mashine yake ya kupimia, hio kazi ya asubuhi moja, bado ni rahisi kuliko kushusha injini.

BintiMambrui

MzigoMarafa kuna kitu hujatuambia. Breki zako asubuhi ziko vipi?

MzigoMarafa

Dada umejuaje?? Asubuhi pedeli ngumu kabisa, nakanyaga na mguu wote, baada ya muda inalainika. Iko hivyo toka mlio haujawa mkubwa hivi, nimeichukulia ni uzee wa gari.

BintiMambrui

Basi usipakie maembe kwanza. Hilo si jambo la uzee.

Gari ya petroli inajivutia upepo wa kusaidia breki kutoka kwa manifodi yake. Dizeli hizi hazina, kwa hivyo zimewekewa pampu ya vakyumu ya kuivutia busta ya breki. Kwa hizi injini za L, 2L, 3L, 5L, hio pampu iko NYUMA YA OLTANETA, zinazunguka kwa shafti moja. Ndani ina vile visu vinavyoteleza na kufagia ukuta, na vinalainishwa na oili ya injini inayokuja kwa kipaipu kidogo na kurudi sampu kwa mpira mnene. Kipaipu kikiziba ama visu vikiisha, pampu inaanza kata-kata-kata, haswa ikiwa baridi na injini ikizunguka pole. Ukipiga resi visu vinarushwa nje vinashika ukuta, mlio unapungua. Soma ulichoandika mwenyewe hapo juu. Na hio oili imeroa mbele pembeni, nenda kaitazame nyuma ya oltaneta.

Kwetu tulikuwa na Hiace ya 3L njia ya Mombasa, ilibadilishwa shimu za tapeti, ikabadilishwa injini maunti, abiria wanalalamika mlio uko pale pale, mpaka mtu wa umeme alikuja kutengeneza chaji tu akafungua oltaneta akasema hii kelele yenu nimeishika mkononi.

Jipime breki hivi: injini imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ubaki umeikanyaga, halafu washa. Pedeli inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka ama ikichelewa sana, busta haipati upepo. Inaweza kuwa pampu, inaweza kuwa mpira umepasuka, inaweza kuwa busta yenyewe, lakini ikiwa pamoja na huo mlio mimi naanza na pampu.

Nahodha_Mokowe

Mashallah. Hapa kuna kipimo cha mwisho basi, toa mikanda ya oltaneta uwashe bila mikanda. Mlio ukitoweka umeshinda. Ila yakhe, mikanda hio hio ndio inazungusha pampu ya maji na feni, kwa hivyo washa, sikiza, zima. Nusu dakika inatosha sana. Usiache inanguruma huku unampigia mtu simu kumpa habari njema. Na gari isitoke ilipo, breki haitakuwa na msaada wowote.

KakaWaMaweni

Huyu dada apewe gereji 👏 mimi nilikuwa nishamtafutia mnunuzi

MzigoMarafa

Nimerudi wakubwa. Asanteni sana nyote, nieleze vile ilikwenda.

Bisibisi kwanza. Kava ya vali nikasikia tik tik nyepesi, sampu hakuna kitu ila mngurumo, nilipogusa nyuma ya oltaneta nikaruka, mlio wote uko pale. Kijana aliyekuwa ananishikia tochi alitaka kusikiza na yeye akasema hapa ndani kuna mtu anakuna nazi. Nati za nozeli nikalegeza moja moja na kitambaa, injini inayumba kila nikilegeza lakini kata-kata haikujali hata moja. Masizi kwa manifodi hakuna. Pedeli haikushuka nilipowasha, ilikaa kitambo ndio ikaanza kushuka polepole.

Mikanda nikatoa, nikawasha. Kimya! Yaani kimya cha dizeli, ile kelele yake ya kawaida basi. Nikazima.

Presha ya oili nilipata geji kwa fundi wa matrekta, ikiwa moto inasoma kama kilo 1 ikinguruma, na elfu tatu inapita 3 na nusu. Kwa hivyo ile laki na nusu imebaki kwangu.

Oltaneta ikapelekwa kwa fundi wa umeme, ile pampu ya nyuma ikafunguliwa, visu vimelika upande mmoja na ndani ukuta umeanza michirizi. Kile kipaipu cha oili kimejaa tope jeusi na kipande cha silikoni nyekundu, hapo nafikiri aliyefunga injini kabla yangu alipaka gaskiti meka nyingi. Oili iliyokuwa inaroa pale nje ilikuwa inatoka kwa sili ya pampu na ilishaanza kuingia kwa oltaneta yenyewe, makaa ya ndani, yaani brashi za kupitisha umeme, yamelowa. Chaji ilikuwa inasumbua usiku na mimi najiambia ni betri.

Sasa swali. Kuna pampu ya mtumba kutoka kwa oltaneta ya Hiace iliyokatwa, na kuna visu vipya na sili peke yake. Nichukue gani?

FundiDizeli_Barani

Ukuta ukiwa na michirizi unayoweza kuishika kwa ukucha, visu vipya vitalia tena na vakyumu itakuwa hafifu. Chukua pampu nzima lakini ya mtumba ifunguliwe mbele yako, uangalie visu na uangalie meno ya pale inaposhikana na shafti ya oltaneta, yale meno yakiwa yameisha nayo yanalia kata-kata vile vile na utarudi hapa kutushtaki. Makaa yabadilishwe, hayana bei, na rota isafishwe oili.

Kipaipu cha oili usikipulize tu kwa mdomo. Kitoe, kipitishe waya laini, kioshe na dizeli, upepo wa kompresa, na kile kitundu kinapotokea oili kwa injini kikaguliwe pia, silikoni haitembei kipande kimoja. Mpira wa kurudisha oili ukiwa umekakamaa weka mpya wa kuhimili oili, usiweke wa maji, wa maji utavimba. Ukijikunja oili inashindwa kurudi, inajaa kwa pampu na inasukuma sili nje, ndio hapo unabadilisha sili kila mara bila kujua kwa nini.

Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, tia oili safi kidogo kwa tundu la pampu na uzungushe puli kwa mkono. Ukiiwasha kavu ikisubiri oili ifike, zile sekunde chache zinakula visu vipya.

BintiMambrui

Na ukishafunga rudia kile kipimo cha pedeli kabla hujatoka. Halafu jaribu bila mzigo, barabara tambarare, sio moja kwa moja kuteremka Sabaki na tani ya maembe mgongoni.

MzigoMarafa

Imefungwa. Ya mtumba ile, visu vizuri na meno makali. Kata-kata hakuna, pedeli inashuka hapo hapo nikiwasha, na taa za mbele usiku zimekuwa nyingine kabisa. Yule wa konrodi nimekutana naye sokoni nikamuonyesha ile pampu ya zamani, akaniambia alijua tu alitaka kuhakikisha 😅

Imebaki ile tik tik nyepesi ya juu, sasa kwa vile kata-kata haipo naisikia sana. Hio niikimbilie?

FundiDizeli_Barani

Haha huyo tumwachie Mungu.

Tik tik ya juu ni vali, ipimwe lakini haikulazi gari. Maliza msimu. Kwa hizi 3L hakuna skrubu ya kukaza, kuna vishimu, visahani vyembamba vya chuma, juu ya vikombe vya vali, kwa hivyo mtu akikwambia nakukazia tapeti dakika kumi mwambie akuonyeshe anakaza nini. Injini ikiwa baridi, vali za kuingiza ziwe kati ya 0.20 na 0.30 milimita, za kutoa 0.40 mpaka 0.50. Zile zilizotoka nje ya hapo ndizo zinabadilishiwa shimu, sio lazima zote. Na usitamani kuzibana ziwe kimya kabisa, vali ya exosti ikibanwa haikai vizuri kwa siti yake, haipoi, inaungua, na asubuhi gari inakuwa ngumu kuwaka.

Kitu ambacho ningekikimbilia mimi kabla ya hio ni taimingi belti, ule mkanda wa ndani unaozungusha kemshafti. Umesema kilomita hazisomi na aliyekuuzia hujui alifanya nini. Belti ya hizi injini ni ya kilomita laki moja, kuna taa ya T-BELT kwa dashibodi inatakiwa kuwaka ikifika, lakini kwako mita imekufa na taa haina wa kumhesabia. Ikikatika vali zinagonga pistoni na hapo ndio utaitoa ile laki na nusu kwa kweli. Toa kava ya mbele uiangalie, na hata ukiiona nzima ubadilishe kwa vile hujui umri wake, pamoja na beringi ya kuikazia na sili ya krenki ya mbele manake oili ikidondokea belti haidumu. Ile mikanda ya oltaneta uliyoitoa nayo iliyopasuka pasuka usirudishe, ziko mbili na zinabadilishwa pamoja, ukiweka mpya moja na ya zamani moja yote inabeba ile mpya.

MzigoMarafa

Belti naagiza Mombasa Jumatatu. Fundi uko Barani upande gani, hio kava nataka uifungue wewe.

FundiDizeli_Barani

Nitumie ujumbe faraghani. Uje asubuhi injini ikiwa baridi, nikupimie na hizo vali tukiwa hapo hapo.